Umeme wa Ngozi na Maumivu ya Hedhi: Mashine Inasikia Nini?

Upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo, nyuma tu ya mfupa wa ugoko, kuna mahali ambapo waganga wa Kichina wamechoma sindano kwa karne nyingi ili kutuliza tumbo la hedhi. Wanapaita Sanyinjiao. Vidole vinavyopima ni vya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa kila mwili una kipimo chake. Siku hizi, katika baadhi ya kliniki za Asia, Ulaya na Marekani, sindano hutanguliwa na kalamu ya chuma yenye waya. Mgonjwa anashika fimbo ya chuma kwa mkono mmoja, mtaalamu anagusisha ncha ya kalamu kwenye ngozi ya mguu, na mashine inalia. Mlio ukipanda, mgonjwa anaambiwa kwamba hapo umeme unapita kwa urahisi kuliko pembeni, na kwamba hizo ni habari kutoka kwenye mfuko wa uzazi.

Wanaoambiwa hivyo si wachache. Zaidi ya nusu ya wanawake wanaopata hedhi huumwa siku moja au mbili kila mwezi, na kwa baadhi yao maumivu ni makali kiasi cha kutapika, kushindwa kusimama, kukosa shule au kazi. Wengi wamekua wakiambiwa kwamba chango ni la kila mwanamke, wavumilie, wakizaa litaisha. Mtu aliyezoea kutoaminiwa akikutana na mashine inayosema kwamba kweli anaumwa, ana kila sababu ya kuisikiliza. Kwa heshima ya maumivu hayo, mlio ule unastahili kuchunguzwa kwa makini: unatoka wapi, na unajua nini kuhusu mfuko wa uzazi?

Umeme ni mgeni katika tiba hii. Huangfu Mi, aliyekusanya elimu ya sindano ya Wachina katika karne ya 3, alitaja sehemu 349 za kuchoma bila kuwaza waya wala betri. Orodha iliyosanifiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2008 ina sehemu 361. Wazo kwamba sehemu hizo zina tabia yake ya umeme lilianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1950, huko Kyoto, Japani, daktari Yoshio Nakatani alikuwa akipima ngozi ya mgonjwa wa figo aliyevimba mwili. Aliona vijisehemu vya ngozi vinavyopitisha umeme zaidi ya vingine, na alipoviunganisha kwa mstari, mstari huo ukafanana na njia ya figo, mojawapo ya njia zinazounganisha sehemu za sindano katika michoro ya Kichina. Akajenga juu yake mfumo mzima wa uchunguzi, akauita ryodoraku.

Karibu wakati huohuo, daktari wa Kijerumani Reinhard Voll alibuni mashine yenye mshale unaosogea kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Mshale ukitulia kwenye 50, kiungo kinachohusishwa na sehemu iliyoguswa kilihesabiwa kuwa salama, ukipanda, kina uvimbe, ukishuka, kimechoka. Voll alikwenda mbali zaidi akaanza kupima dawa kwa kuweka chupa yake ndani ya mzunguko wa umeme ili mshale useme kama inamfaa mgonjwa. Mashine nyingi za leo za ukoo huo zimetokana na kazi yake.

Sayansi ya vyuo vikuu iliingia baadaye kidogo. Rais Nixon wa Marekani alizuru China mwaka 1972, na ghafla madaktari wengi wa nchi hiyo walitaka kujua sindano zinafanyaje kazi. Miongoni mwa waliovutiwa alikuwa Robert Becker, daktari wa mifupa wa Syracuse, jimbo la New York, ambaye tayari alikuwa akichunguza jinsi umeme mdogo unavyohusika katika kuunga mfupa uliovunjika. Yeye na wenzake Maria Reichmanis na Andrew Marino walichapisha mwaka 1975 vipimo vya ngozi ya watu kando ya njia za Kichina. Katika baadhi ya sehemu za sindano waliona ngozi inapitisha umeme vizuri kuliko jirani yake. Katika nyingine hawakuona hivyo. Matokeo ya namna hiyo, ndiyo hapa na siyo pale, yamejirudia tangu wakati huo, na chanzo chake kiko kwenye ngozi yenyewe.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, bapa, zilizolaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta. Mahali pengi mwilini unene wake ni mikromita 10 hadi 20 tu, chini ya unene wa unywele. Utando huo mwembamba ndio unaozuia umeme. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000 au zaidi. Ikilowa vizuri, ukinzani huweza kuporomoka hadi karibu omu 1,000. Ndiyo sababu fundi umeme hagusi waya kwa mikono yenye maji. Chini ya utando huo mwili ni nyama na maji ya chumvi, na humo umeme hupita bila shida. Kwa hiyo mkondo mdogo unaotoka kwenye kalamu hukutana na karibu kizuizi chake chote pale juu kabisa, kabla haujagusa chochote kilicho hai.

Na utando huo una matundu. Mwili wa mtu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na kila tezi ina mfereji mwembamba unaopanda mpaka juu ya ngozi. Mfereji ukijaa jasho, ambalo ni maji ya chumvi, umeme unapata njia ya mkato. Anayefungua tezi hizo si mwenye mwili kwa hiari yake. Ni neva zinazojiendesha zenyewe, zilezile zinazoharakisha moyo mtu anaposhtuka. Joto huziamsha, hofu, aibu na maumivu pia. Charles Féré wa Ufaransa alionyesha mwaka 1888 kwamba hisia hubadilisha umeme wa ngozi, na Ivan Tarchanoff wa Urusi akathibitisha jambo hilo kwa njia yake mwaka 1890. Mashine ambazo polisi wa baadhi ya nchi hutumia kutafuta waongo zina kipimo hichohicho ndani yake: vidole vya mtuhumiwa vinatoa jasho kiasi gani anapoulizwa.

Kalamu nayo si hakimu asiye na upendeleo. Ukiikandamiza zaidi, ncha yake inagusa eneo kubwa zaidi na kuminya jasho lililokuwa kwenye mifereji, na ukinzani unashuka. Ukiiacha mahali pamoja kwa sekunde kadhaa, ngozi chini yake inaanza kulowa, na ukinzani unashuka tena. Ukirudi kupima palepale mara ya pili, utakuta pameshabadilika kwa sababu ya kipimo cha kwanza. Kovu, kinyweleo, mafuta ya kujipaka, pamba yenye spiriti iliyopita muda mfupi uliopita, chumba chenye joto au kiyoyozi: kila kimoja kinaacha alama kwenye namba. Mtaalamu anayejua Sanyinjiao iko wapi anaweza, bila nia yoyote mbaya, kukandamiza hapo kwa nguvu kidogo zaidi kuliko pembeni, akaletewa mlio aliokuwa anautarajia.

Mwaka 2008 Andrew Ahn wa Boston na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwa zimepima jambo hili kwa utaratibu unaoeleweka. Kati ya tafiti 9 za sehemu za sindano, 5 zilikuta ukinzani ulio chini kuliko pembeni. Kati ya tafiti 9 za njia zinazounganisha sehemu hizo, 7 zilikuta dalili ya aina hiyo. Kwa haraka mtu angesema wafuasi wameshinda. Lakini Ahn na wenzake walikuta tafiti zenyewe ni dhaifu, zenye watu wachache, na nyingi hazikudhibiti jasho, mkandamizo wala unyevu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa sehemu hizo zina umeme wa pekee. Mwaka uliofuata kundi la Ujerumani lililoongozwa na S. Kramer lilichapisha vipimo vilivyofanywa kwa njia bora zaidi. Badala ya kalamu ya mkononi, lilitandaza kwenye ngozi safu ya vipimaji vingi vidogo vilivyosoma kwa pamoja, hivyo hakuna mkono wa mtu uliochagua pa kukandamiza. Zaidi ya nusu ya vipimo havikuonyesha tofauti yoyote kati ya sehemu ya sindano na ngozi inayoizunguka. Vingine vilionyesha ukinzani ulio chini, na vingine ulio juu.

Sasa twende kwenye mfuko wa uzazi, ambako habari ni za uhakika zaidi.

Katika hedhi ya kawaida, homoni ya projesteroni hushuka siku chache kabla ya damu kutoka. Kushuka huko kunasababisha seli za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kazi yake ni kuukaza msuli wa mfuko ili ukuta uliokwisha muda wake utoke. Mwanamke anayeumwa sana mara nyingi ana prostaglandini nyingi kuliko asiyeumwa. Msuli wake unakaza kwa nguvu mno na bila mpangilio, shinikizo ndani ya mfuko linaweza kupita milimita 150 za zebaki, yaani zaidi ya shinikizo la damu lenyewe kwenye mishipa, na damu inashindwa kuufikia msuli. Msuli uliokosa damu na hewa huuma. Kemikali hizo pia huingia kwenye mzunguko wa damu na kuchokoza utumbo, na hapo ndipo kuhara, kichefuchefu na kuumwa kichwa vinapotokea siku ya kwanza ya hedhi.

Elimu hii haina miaka mingi. Mwaka 1957 V. R. Pickles, mtafiti wa Sheffield, Uingereza, alichapisha habari kwamba damu ya hedhi ina kitu kinachokaza misuli laini, na kazi iliyofuata ikaonyesha kuwa kitu hicho ni prostaglandini. Mwaka 1971 John Vane alieleza jinsi aspirini inavyozuia mwili kutengeneza kemikali hizo. Mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobeli pamoja na Wasweden Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Kabla ya hapo, vitabu vya udaktari vilikuwa tayari kumwambia mwanamke kwamba maumivu yake yanatokana na hofu, malezi mabaya au kukataa uanamke wake. Ilichukua maabara na kemia kumwondolea shutuma hiyo, na hilo lisisahaulike.

Je, kuna daraja lolote kati ya msuli huo wa ndani na ngozi ya mguu? Lipo, na halihitaji miujiza. Mwaka 1893 Henry Head, daktari wa London, alichora maeneo ya ngozi yanayouma au kusisimka kiungo fulani cha ndani kinapougua. Sababu ni kwamba neva za kiungo na neva za ngozi huingia kwenye uti wa mgongo katika ngazi moja, na ubongo huchanganya zinakotoka. Neva zinazobeba maumivu ya mfuko wa uzazi huingia sehemu ya chini ya mgongo wa kifuani na mwanzo wa kiunoni. Ndiyo maana hedhi huuma pia kiunoni na mapajani. Katika ngazi hizohizo ndipo zinapotokea neva zinazotawala jasho na mishipa ya damu ya miguu. Kwa hiyo si jambo la kuchekwa kufikiri kwamba mfuko wa uzazi ukikaza kwa nguvu, ngozi ya mguu inaweza kubadilika kidogo.

Watafiti wa Beijing waliliuliza swali hilo waziwazi katika makala iliyochapishwa mwaka 2014: je, mabadiliko ya ukinzani wa ngozi kwenye sehemu za sindano yanaakisi maumivu ya hedhi? Walilinganisha wanawake wanaoumwa na wanawake wenye afya. Tafiti za aina hii hupenda kulinganisha mguu wa kushoto na wa kulia wa mtu yuleyule, wazo likiwa kwamba joto la chumba na hali ya ngozi vinaigusa miguu yote miwili kwa usawa, kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili inabeba habari safi zaidi. Ni mbinu nzuri, na swali ni la halali kabisa.

Shida ni umbali uliopo kati ya swali hilo na kliniki. Mwanamke anayeumwa hutoka jasho. Amelala vibaya usiku. Amejikunja upande mmoja. Joto la mwili wake lilipanda kidogo baada ya yai kupevuka na limeanza kushuka hedhi ilipoingia. Pengine amejikanda kwa maji ya moto saa moja kabla ya kupimwa. Yote haya yanagusa ngozi, na hayahitaji sehemu ya sindano kuwa na siri yoyote. Hata kundi la wanawake wanaoumwa likionekana tofauti na kundi la wasioumwa kwa wastani, wastani wa kundi haumwambii daktari lolote la uhakika kuhusu mwanamke mmoja aliyekaa mbele yake. Zaidi ya hayo, huyo mwanamke anajua tayari kwamba anaumwa. Anachohitaji ni kujua kama maumivu yanatokana na prostaglandini peke yake, au kuna uvimbe kwenye kizazi, maambukizi kwenye mirija, au endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake na ambao WHO inakadiria unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tezi ya jasho ya mguuni haiwezi kutofautisha mambo hayo manne.

Mashine za ukoo wa Voll zimewahi kupewa mtihani wa haki kwenye ugonjwa mwingine, na matokeo yake yanafundisha. Mwaka 2001 George Lewith na wenzake wa Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la BMJ jaribio la watu 30: nusu walikuwa na mzio wa paka au wa vijidudu vya vumbi la nyumbani, uliothibitishwa kwa kipimo cha kawaida cha ngozi, na nusu hawakuwa nao. Waendesha mashine watatu wenye uzoefu waliwapima mara zaidi ya 1,500 bila kujua nani ni nani. Mashine ilishindwa kuwatenganisha. Lewith hakuwa adui wa tiba mbadala. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa Uingereza walioitafiti maisha yao yote, jambo linaloyapa matokeo hayo uzito zaidi.

Hata hivyo, kuikataa kalamu si kuikataa sindano. Hapa wengi huchanganya mambo. Sindano inaweza kutuliza maumivu hata kama mahali inapochomwa hapana umeme wowote wa ajabu. Jaribio linalotajwa mara nyingi ni la Joseph Helms, daktari wa California, lililochapishwa mwaka 1987. Aliwagawa wanawake 43 wenye maumivu ya hedhi katika makundi manne. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye sehemu halisi, la pili kwenye sehemu zisizo na maana katika elimu ya Kichina, la tatu lilifuatiliwa tu bila tiba, na la nne lilikutana na daktari kila mwezi bila kuchomwa. Katika kundi la kwanza wanawake 10 kati ya 11 walipata nafuu. La pili 4 kati ya 11. La tatu 2 kati ya 11. La nne 1 kati ya 10. Namba hizo zinavutia, ila makundi ya watu 11 ni madogo mno kubeba hukumu ya dunia nzima.

Majaribio makubwa yalifuata. Huko Berlin, Claudia Witt na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti ambamo wanawake 201 waligawanywa kwa kura: wengine wakapata sindano, wengine wakasubiri. Baada ya miezi mitatu waliochomwa walikuwa na maumivu madogo kwa kiasi kikubwa. Lakini anayesubiri anajua hajatibiwa, na anayechomwa anajua ametibiwa. Matumaini, mapumziko na mkono wa mtu anayejali vyote vimo ndani ya tofauti hiyo. Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 42 yenye wanawake 4,640. Waliona ubora wa mengi ni mdogo kiasi kwamba hawakuweza kusema kwa uhakika kama sindano au kubonyeza sehemu hizo kunatibu maumivu ya hedhi. Anayeichagua tiba hii hajakosea, mradi sindano ziwe mpya, za kutumika mara moja, na mchomaji awe amesomea kazi yake. Akipata nafuu, nafuu hiyo ni yake na ni ya kweli.

Umeme nao una kazi yake halisi katika maumivu haya, ila katika mwelekeo wa pili: kuingizwa mwilini badala ya kusomwa kutoka humo. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba uti wa mgongo una mahali pa kuruhusu au kuzuia habari za maumivu, na kwamba kusisimua neva za mguso kunaweza kuzibana zile za maumivu. Kutokana na wazo hilo kukapatikana kifaa kidogo cha betri, TENS, chenye vibandiko vinavyowekwa kwenye tumbo la chini au kiunoni na kutoa mitetemo ya umeme. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2002 ulikuta kwamba kifaa hicho kikitumika kwa mitetemo ya kasi kinatuliza maumivu ya hedhi kuliko kifaa bandia. Naye Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwa miaka mingi ya kazi kwamba sindano zilizounganishwa na umeme huuchochea mwili kutoa kemikali zake za kutuliza maumivu, na kwamba mitetemo ya polepole na ya kasi haitoi kemikali zilezile. Hapa umeme unafanya jambo linaloweza kupimwa, bila kudai kusoma siri ya kiungo chochote.

Afrika Mashariki ina historia yake na sindano hizi. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikifanya kazi Zanzibar tangu katikati ya miaka ya 1960, zikitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara tangu mwaka 1968, zikitoka Shandong. Sindano zimo katika ujuzi waliokuja nao, pamoja na upasuaji na dawa za hospitali. Kalamu ya Voll haijaenea huku. Kilichoenea ni mashine ya kushika fimbo. Katika maduka ya dawa lishe na kwenye maonyesho ya mitaani, mteja anakalishwa mbele ya kompyuta, anashika fimbo ya chuma kwa dakika chache, kisha anachapishiwa karatasi zinazotaja hali ya ini, figo, mifupa na kizazi. Mwanamke mwenye maumivu ya hedhi husomewa kwamba homoni zimevurugika au mirija imeziba, na meza ileile ina dawa ya kila ugonjwa uliotajwa. Fimbo inayoshikwa kiganjani, mahali penye tezi za jasho nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, haiwezi kujua kama mirija imeziba. Mirija hupimwa kwa picha maalumu ya eksirei yenye dawa ya kuonyesha njia, au kwa vipimo vingine vya hospitali. Kumtoza mama wa kipato kidogo fedha kwa ajili ya karatasi ile, kisha kumuuzia makopo ya miezi mitatu, ni dhuluma, na inafaa iitwe hivyo.

Nafuu yenye ushahidi iko karibu zaidi na ni rahisi zaidi. Dawa zinazozuia prostaglandini, kama ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki, zilichambuliwa na Cochrane mwaka 2015 katika majaribio 80 yenye wanawake zaidi ya 5,800. Ikiwa wanawake 18 kati ya 100 hupata nafuu ya kutosha kwa kidonge bandia, wanaopata kwa dawa hizi ni kati ya 45 na 53. Hufanya kazi vizuri zaidi zikianza kumezwa mara dalili zinapoanza, pamoja na chakula, kuliko kusubiri maumivu yafike kileleni wakati prostaglandini zimeshatengenezwa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini au ujauzito asizimeze kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia. Vidonge vya uzazi wa mpango husaidia wengi pia, kwa kuufanya ukuta wa mfuko uwe mwembamba na prostaglandini zipungue.

Na joto lisidharauliwe. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walilinganisha kibandiko cha tumboni chenye joto la takriban nyuzi 39 za Selsiasi na vidonge vya ibuprofeni. Kibandiko kilituliza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana na cha vidonge. Bibi aliyemkanda mjukuu wake kwa kitambaa cha maji ya moto alikuwa anafanya jambo ambalo maabara ililikubali baadaye.

Yapo maumivu ambayo hayapaswi kukandwa tu nyumbani. Yanayoongezeka mwaka hadi mwaka. Yanayokuja hata nje ya siku za hedhi, au wakati wa tendo la ndoa, au wakati wa haja kubwa. Yanayoanza ghafla kwa mwanamke wa miaka 30 au 40 ambaye hakuwa nayo. Yanayoambatana na damu nyingi inayolowesha pedi kila saa, homa, au uchafu wenye harufu. Yasiyosikia dawa baada ya miezi mitatu hivi ya kuzitumia ipasavyo. Na maumivu makali ya upande mmoja kwa mwanamke aliyekosa hedhi yanataka hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Mzazi, mwalimu au mume anayesoma haya amsikilize binti au mke anaposema anaumwa, bila kungoja mashine imthibitishe. Na wewe unayeumwa, andika tarehe za hedhi, siku ulizoumwa, dawa uliyomeza na kama ilisaidia, kwa miezi miwili au mitatu. Nenda na daftari hilo kwenye kituo cha afya, uombe kuchunguzwa na, ikibidi, kupigwa picha ya altrasaundi. Ukirudishwa kwa kuambiwa kwamba ni kawaida tu, omba kuonana na daktari mwingine.